Jina la Germana Hhando

Sehemu ya Saba

"Nashilu."

Ndivyo yule mwanamume wa lubega nyekundu alivyomwita mke wa Josephati katika sehemu ya wiki iliyopita, kwenye ukingo wa bustani ya loji, kabla ukungu wa Ngorongoro haujainuka. Na mke wa Josephati, ambaye jina lake ni Germana, na ambaye kwa miaka miwili ya ndoa amesema hajui hata neno moja la Kimasai, aliitika. Aliitika, kisha akazungumza Kimasai kwa haraka, bila kutafuta maneno, huku ameushika mkono wa mwanamume yule kwa mikono yake miwili.

Josephati aliyaona na kuyasikia yote hayo kutoka dirishani, mswaki bado uko mdomoni.

Alishuka ngazi bila viatu. Alipofika bustanini yule mwanamume alikuwa ameondoka. Germana alibaki peke yake, amejitanda blanketi la loji, anatazama chini kwenye kreta ambako hakukuonekana kitu ila weupe mtupu.

"Yule ni nani?"

"Nani?"

"Uliyekuwa unazungumza naye."

"Analeta maziwa jikoni. Aliniuliza saa."

"Ukamwambia saa ngapi?"

Germana alitazama mkono wake. Saa yake ilikuwa chumbani, juu ya meza.

"Nilimwambia sina saa," akasema. "Twende tukanywe chai. Utapata baridi ya miguu."

Msomaji, Josephati Chidawali ni karani wa mizigo katika stesheni ya reli, Dodoma. Miaka kumi na miwili amesimama mbele ya magunia akilinganisha hati na kilichomo. Sauti ya mtu anayesema gunia lina mtama huku lina kitu kingine anaijua vizuri. Asubuhi ile aliisikia sauti hiyo kinywani mwa mkewe.

Hakugomba. Alivaa viatu, akanywa chai. Chai ilikuwa na sukari, jambo ambalo mwaka ule wa themanini na nne lilitosha kumfurahisha mtu yeyote. Yeye hakuionja ladha yake.

Saa mbili Land Rover ikafika. Dereva wao, Qamara, alipakia mabegi yote mawili, maana ilikuwa siku yao ya mwisho ya kutalii. Wangeshuka kreta, wangepanda, kisha wangeteremka Karatu walale gesti, na alfajiri wapande basi la Arusha kuanza safari ya kurudi nyumbani.

Qamara alikuwa Mmbulu wa miaka thelathini na kidogo, mpole, sweta lake limetoboka kiwiko. Alikuwa dereva mzuri. Lakini siku hiyo Josephati aligundua jambo ambalo jana hakuliona. Kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, hakikuelekezwa barabarani. Kilielekezwa kwenye uso wa Germana.

Josephati aliona macho ya dereva kiooni mara ya kwanza walipoanza kuteremka ukuta wa kreta. Akayaona tena walipofika chini. Mara ya tatu akakohoa, na macho yakarudi barabarani.

Walipita katikati ya nyumbu na pundamilia. Waliwaona faru wawili kwa mbali, mama na mtoto wake. Watu hutoka Ulaya kuja kuwaona faru hao. Germana hakuwatazama. Alikuwa akiangalia vilima, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakiki kwamba vyote vipo.

"Zamani humu waliishi watu," Qamara akaeleza. "Wamasai, na ng'ombe wao. Walihamishwa mwaka sabini na nne. Maboma yalikuwa pale, karibu na ule msitu wa Lerai."

"Si pale," Germana akasema. "Ng'ambo ya mto."

Qamara alipunguza mwendo.

"Mama anaijua historia ya huku," Qamara akasema taratibu.

"Nilisoma."

"Wapi?" Josephati akauliza.

"Shuleni."

Josephati naye alisoma shule. Hakukumbuka kitabu kilichoandika boma la nani lilikuwa ng'ambo ipi ya mto.

Saa sita walisimama kwenye chemchemi, kule viboko wanakozama na kuibuka, ili wale chakula chao. Walikula ndani ya gari kwa sababu ya mwewe, ambao huko hunyakua kipande cha kuku mkononi mwako kabla hujafikisha mdomoni. Qamara alishuka akaenda kusimama na madereva wenzake penye gari jingine, akiwapa mgongo.

Josephati alifunga kioo cha dirisha.

"Nashilu ni nani?"

Germana alilirudisha yai kwenye karatasi.

"Ulisikia."

"Nilisikia, na nilimwona anakushika mkono. Kama ni mwanamume wako wa zamani, niambie sasa hivi. Kesho nitapanda basi peke yangu na hatutagombana."

"Ni kaka yangu. Anaitwa Metui. Baba mmoja, mama mmoja."

Josephati alicheka, lakini uso wake haukucheka. "Wewe ni Mmbulu. Umezaliwa Karatu. Cheti chako cha ubatizo nilikishika kwa mkono wangu siku tulipokwenda kuandikisha ndoa."

"Ulikishika cheti cha Germana."

"Sasa wewe ni nani?"

Akamwambia. Alisema akitazama maji, kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

"Mimi ni Nashilu. Nilizaliwa humu humu, ng'ambo ya ule mto. Nilipelekwa bweni, shule ya msingi Karatu, na huko nililala kitanda kimoja na msichana anayeitwa Germana Hhando. Tulimaliza darasa la saba pamoja. Yeye alichaguliwa kwenda sekondari, mimi sikuchaguliwa. Likizo ile akaugua, homa ya uti wa mgongo. Akafa. Siku tatu baada ya mazishi mwalimu wetu mmoja akaniita. Alikuwa na barua ya Germana ya kujiunga, na cheti chake cha ubatizo. Akasema nafasi itapotea bure. Akasema, nenda wewe, kuanzia leo unaitwa Germana Hhando. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Josephati. Nikaenda."

"Na wazazi wako?"

"Mwaka huo huo wakahamishwa. Barua zangu zilirudi. Sikujua walikwenda wapi mpaka leo asubuhi, Metui aliponiambia. Baba amefariki. Mama yuko Kakesio, na macho yake yanafifia."

Josephati aliwaza kazi ya mkewe ya uuguzi, kule hospitali, alivyoitwa Sista Germana na wagonjwa. Aliwaza kanisa, pete, ndugu waliotoka Mpwapwa na Kondoa wakacheza mpaka vumbi likapanda. Wote walimshangilia Germana.

"Nimemuoa marehemu," akasema.

"Umenioa mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia siku gani? Ulipokuja na ile kalenda ya stesheni, yenye picha ya kreta, ukasema likizo tunakwenda hapa, nilikuomba twende Tanga. Mara tatu nilikuomba. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Na kwa sababu hilo lilikuwa kweli, aliona mengine yote huenda ni kweli.

"Ulikwenda mazishini kwake?" akauliza.

"Nilikwenda. Nilitupa udongo kwa mkono wangu huu."

Akamshika mkono huo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Josephati alihisi kifua kinafunguka. Mkewe hakuwa na mwanamume mwingine. Hakuwa na chochote ila jina ambalo marehemu mwenyewe hakulihitaji tena. Wangetafuta njia. Wangekwenda Kakesio kumwona mama.

Sasa na sisi, msomaji, tumwite Nashilu, maana ndilo jina lake. Lakini tusiufungue moyo upesi kama Josephati.

Alasiri gari lilipanda ukuta wa kreta likinguruma. Lilipofika juu, pale watu husimama kutazama bonde kwa mara ya mwisho, Qamara aliegesha. Alizima injini. Hakufungua mlango.

"Ndugu Josephati, nisamehe," akasema bila kugeuka. "Nina swali dogo kwa mama."

"Uliza."

"Juzi mlipoingia getini mliandika majina kitabuni. Mama aliandika Germana Hhando. Hilo jina amelipata wapi?"

"Ni jina lake," Josephati akasema.

"Mimi naitwa Qamara Hhando."

Josephati akamtazama mkewe. Nashilu alikuwa ameyafumba macho.

"Ulikuwa unatuletea viazi vitamu bweni," akasema Nashilu. "Jumamosi. Ulivifunga kwenye mfuko wa mbolea."

"Niliwaletea nani?"

"Germana na mimi."

Qamara aligeuka sasa. Alimtazama usoni waziwazi, bila kioo.

"Nashilu," akasema. "Yule mwembamba. Kumbe nilikuwa sahihi."

"Ulijua tangu lini?" Josephati akauliza.

"Zamu hii haikuwa yangu, ndugu. Ilikuwa ya mwenzangu, Lengai. Niliona orodha ya wageni wiki iliyopita. Josephati Chidawali na mkewe, Dodoma. Nikamwomba Lengai tubadilishane."

"Unalijuaje jina langu?"

Qamara alikigeuza kioo kielekee barabarani. "Tutapita nyumbani kwetu kunywa chai," akasema. "Mama yangu anawangojea. Si mbali na barabara."

Josephati aliona wajibu wa mtu mzima aliyelelewa vizuri. "Ndugu Qamara," akasema, "mke wangu amenieleza kila kitu leo mchana. Pole sana kwa msiba wa dada yako."

Dereva alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoielewa. Kisha akawasha gari.

Waliteremka katika msitu, wakapita geti, wakatokea kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Vumbi jekundu liliingia kila penye tundu. Nashilu alimsogelea mumewe mpaka mdomo ukagusa sikio.

"Mwambie atupeleke gesti."

"Tutakunywa chai, tutaomba radhi, tutaondoka."

"Josephati, nakuomba. Nisishuke pale."

"Unaogopa nini? Walikuona mazishini. Wanakufahamu."

Josephati akaiona tena kwa mkewe ile sura ya asubuhi, ya mtu anayetazama mkono usio na saa.

Kabla ya kufika Karatu mjini gari liliacha barabara kubwa, likafuata njia ya mkokoteni kati ya mbaazi, likasimama mbele ya nyumba ya matofali yenye bati. Mwanamke mzee alitoka, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Huyu alikuwa Bernadina, mama yake Qamara. Alimpa Josephati mkono, akampa Nashilu mkono, na mkono wa Nashilu hakuuachia.

"Ulikuwa unapenda mahindi ya kuchoma," akamwambia. "Ulikula hapa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Karibu ndani."

Josephati alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake. Akavua kofia. "Mama, najua siku ni nyingi, lakini nakupa pole kwa kumpoteza Germana."

Bi kizee alimtazama, akamtazama Qamara.

"Nani kakwambia nimempoteza?" akauliza.

Akapisha mlangoni. Nyuma yake, katika sebule, mwanamke mmoja alikuwa akinyanyuka kitini kwa kujishikiza mezani. Alikuwa na umri sawa na Nashilu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, na alipotembea ulikuja nyuma ukiburuzika. Alikuja hivyo, polepole, mpaka akasimama mbele ya wageni.

"Karibuni," akasema. "Mimi ndiye Germana."

Josephati alimgeukia mkewe.

"Uliniambia amekufa. Uliniambia ulitupa udongo."

Nashilu hakuinua macho.

"Alikwambia hivyo?" Germana akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu. "Nashilu, ulikuja kuniaga hospitali. Sikuwa na nguvu ya kunyanyua kichwa, lakini nilikuona. Nilikwambia nikipona tutaonana sekondari."

"Mwalimu alisema huwezi kupona," Nashilu akasema.

"Nilipona. Ilichukua miezi saba, na mguu ukabaki hivi. Qamara akanipeleka mpaka shule ile ya sekondari, kwa lori. Tulipofika ofisini wakafungua daftari, wakasema Germana Hhando yuko darasani, anasoma. Nikaomba nimwone. Walinisimamisha nje ya dirisha."

"Germana..."

"Ulinitazama. Ukainamisha kichwa, ukaendelea kuandika."

Waliingia sebuleni. Mzee Bernadina aliweka vikombe mezani, vikagongana.

"Wale wa ofisini wakasema mimi ni mwongo," Germana akaendelea. "Tukarudi. Kaa hapa karibu yangu, Nashilu. Miaka kumi nimekuwa nikilima. Kila nikipumzika najiuliza. Nataka unieleze nilisoma nini."

Nashilu akakaa. Machozi yalimtoka. Josephati aliyaona machozi hayo, na jambo lililomtisha ni kwamba hakujua tena kama ayaamini.

"Dada," akamwambia Germana, "tumekukosea sana. Sema unataka tufanye nini."

"Wewe hujanikosea. Wewe ni mume wangu."

Josephati alidhani hakusikia vizuri.

"Muulize Baba Paroko," Germana akasema.

Kumbe kwenye pembe ya sebule, nyuma ya mlango, alikuwa ameketi padri mzee, kitabu kikubwa cheusi kiko magotini. Alikuwa amekaa pale tangu saa tisa, kwa sababu Qamara alikuwa amempelekea habari tangu jana. Alinyanyuka, akasalimia, akakiweka kitabu juu ya meza kati ya vikombe.

"Mwaka themanini na mbili," akasema, "nilipata barua kutoka Dodoma. Ilinitaarifu kwamba muumini wa parokia yangu, Germana, binti wa Hhando na Bernadina, amefunga ndoa takatifu na Josephati Chidawali. Nikafanya inavyotakiwa. Nilifungua kitabu cha ubatizo, nikaandika pembeni ya jina lake. Nilifurahi. Niliona msichana wetu ametulia huko mjini."

"Mwaka jana," Germana akasema, "nikapata mchumba. Fundi seremala, mtu wa hapa hapa. Mguu wangu haumsumbui. Tulikwenda kwa Baba Paroko aandike matangazo ya ndoa. Akafungua kitabu. Akaniambia haiwezekani, mimi nina mume."

"Mchumba amesema atangoja mpaka mavuno haya," Qamara akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameuegemea mlango, na Josephati akatambua kwamba mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. "Mavuno yamekwisha."

Padri alivaa miwani.

"Sikuja kumhukumu mtu," akasema. "Lakini kesho ni Jumapili, na nataka kuandika kwa Askofu nikiwa na hakika. Nimembatiza mtoto mmoja kwa jina hili. Mmoja. Naweza kufuta niliyoandika, endapo mwenye kosa atatamka mwenyewe mbele yangu."

Josephati alichuchumaa karibu na kiti cha mkewe. Aliongea kwa kunong'ona, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia.

"Sema kweli. Kazi ikienda, iende. Ndoa tutafunga nyingine, nitakuoa kwa jina lako. Nitakwenda nawe Kakesio. Lakini sema."

Nashilu alimtazama kwa muda. Alipitisha kiganja usoni, akayafuta machozi yote, na uso uliobaki ulikuwa mtulivu kuliko Josephati alivyopata kuuona tangu amjue.

"Nitasema," akajibu.

Padri alikifungua kitabu mahali palipotiwa alama. Akaweka kidole juu ya mstari.

"Germana, binti wa Hhando na Bernadina," akasoma. "Asimame."

Germana aliikamata meza kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama juu ya mguu wake mmoja mzima.

Na Nashilu, bila kumtazama mtu yeyote chumbani mle, akasimama pia, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.